Ishirini na Nne Ilikuwa Ndogo Kuliko Kumi na Sita

Kabati, Kitui, Jumapili ya mwisho ya Julai. Kumekucha na manyunyu, na jua halijaonekana hadi sasa. Ni miaka sitini na mmoja tangu nitoke Kilungu.

Kusema kweli, nilitolewa. Mama alipokufa nilikuwa na miaka minane, na wajomba wakaona shamba halitoshi watoto wa dada yao. Dada yangu mkubwa, Nduku, aliolewa Matiliku. Mimi nililelewa huku Kitui.

Sura ya mama siikumbuki.

Picha yake ni moja tu, slaidi ya rangi, kipande kidogo cha filamu, aliyopigwa na mgeni wa kanisa. Amesimama mlangoni mwa jikoni. Gauni limepigwa na jua, uso umo kivulini. Binamu zetu wamekubali mwezi ujao tumwekee jiwe kaburini, lenye picha. Niliapa kwamba sitarudi Kilungu ila siku hiyo, nikiwa nimeubeba uso wake mwenyewe.

Nduku ndiye aliyeitunza slaidi. Akaipeleka studio pale Matiliku iingizwe kwenye kompyuta, kisha akanipigia simu.

"Mutua, mama wa studio anauliza, unataka ya biti kumi na sita ama ya ishirini na nne?"

Nilikuwa nimesoma kwamba biti ndizo kipimo cha wingi wa rangi. Nikachagua namba kubwa.

Kumbe ishirini na nne ni jumla: nyekundu, kijani na buluu, nane nane. Kumi na sita ya yule mama wa studio ilikuwa ya kila rangi peke yake, yaani arobaini na nane zote pamoja. Na kwenye simu za zamani kumi na sita ilikuwa jumla, ndiyo maana niliidharau. Waliotunga vipimo hivi hawakuona haja ya kusema wanahesabu nini.

Jana picha ilinifikia kwenye kompyuta, nikajaribu kuuangaza uso. Rangi hazikutosha; kivuli kilikatika vipande, cheusi, kahawia, kahawia tena, kama matuta ya Kilungu ukiyatazama kutoka ng'ambo ya bonde. Mtu hayumo.

Nikamwomba Nduku airudishe slaidi studio.

"Niliiosha, Mutua. Ilikuwa imeota kuvu, nikataka ikae safi. Rangi ilibaki kwa kitambaa."

Baadaye akajaribu kunichekesha: "Na wewe na hivyo vitabu vyako vyote, ukachagua ndogo."

Simlaumu. Alikuwa akimwosha mama.

Huenda hata ile ya kumi na sita isingetoa kitu. Huenda uso haukuwahi kuingia kwenye filamu. Hilo sitalijua tena, na ndilo linaloniuma kuliko lile kosa lenyewe.

Jiwe litawekwa, likiwa na jina tu. Nduku atakuwepo, na yeye anamkumbuka.

Mimi sitarudi Kilungu.