Kupima Msonge wa Babu

Muleba, Alhamisi, Julai 1988

Ukungu wa kiangazi umekaa juu ya migomba tangu asubuhi na jua limeshindwa kuuondoa. Kuna vumbi, kuna ubaridi, na upepo kutoka ziwani hautulii. Naogopa. Naliandika neno hilo kwanza ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa nimechoka tu.

Nimekuja nyumbani likizo na kazi ya chuo mkobani. Mwalimu wetu wa usanifu wa majengo alitaka kila mwanafunzi arudi kwao, atafute jengo lililojengwa kwa vitu vya hapo hapo, alipime lote na kulichora. Mwakani, kutokana na michoro hiyo, kila mmoja atabuni nyumba ambayo watu wa kwao wanaweza kuijenga bila kungoja lori la saruji. Wenzangu waliozaliwa Dar walinung'unika sana. Mimi nilitabasamu peke yangu, kwa sababu nilijua ninakokwenda. Msonge wa babu bado umesimama nyuma ya nyumba ya mama.

Misonge imebaki michache siku hizi. Kila mwenye senti anataka bati, na asiye na senti anaota bati. Wa babu ni nyasi kuanzia kileleni hadi chini, duara moja kubwa, na mlango wake una kajipaa kake kanakokulazimisha uiname kidogo kabla ya kuingia. Nyasi zilitoka rweya, huko mbugani juu ya kijiji. Nguzo na fito zilikatwa karibu, na kamba ni za migomba yetu wenyewe. Mchana kukiwa na jua kali, ndani kuna ubaridi. Usiku kuna joto. Nyumba ya namna hiyo ikichoka, inarudi udongoni na migomba inanenepa.

Jambo ambalo sikumwambia mwalimu ni kwamba ndani ya msonge huo amelala kaka yangu.

Deo alikuwa akifanya biashara ya samaki kisiwani Goziba. Alirudi Pasaka, amekonda kiasi kwamba nilipofika mwezi uliopita nilimpita uani nikidhani ni mgeni. Ana ugonjwa ule. Redioni wanauita ukimwi, hapa kwetu bado wengine wanauita Juliana, jina la vitambaa vya magendo, na nyumbani kwetu hauitwi kitu. Wifi yangu, mkewe, tulimzika mwaka jana. Deo mwenyewe aliomba ahamishiwe kwenye msonge. Anasema bati la nyumba ya mama linamchoma kichwa mchana. Nadhani pia hataki kuonwa na wanaopita njiani, maana nyumba ya mama iko mbele na msonge uko nyuma, katikati ya migomba.

Namwogopa kaka yangu.

Siyo yeye hasa. Naogopa jasho lake, shuka zake, kikohozi chake. Mama anafua shuka kwa mikono mitupu, na mimi nafua naye kwa sababu naona haya kukataa, kisha naenda nyuma ya choo kujichunguza vidole kama nina mkwaruzo. Asubuhi natazama ulimi wangu kwenye kioo. Kikombe changu nimekitenga rafuni, upande wa peke yake, nikamwambia mama nakipenda kwa sababu ya maua yake. Mama alinitazama tu.

Basi jana nilianza kupima.

Kupima jengo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika ncha ya futi kamba, mwingine anakwenda nayo na kusoma. Nilimwomba mama anishikie. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. "Mgonjwa yumo ndani, mwanangu," alisema. "Futi izunguke nyumba, watu watasema nini?" Nikadhani ni yale yale ya kuogopa maneno ya watu. Nikachonga kijiti, nikafungia ncha ya futi, nikakichomeka ardhini, na kuendelea peke yangu.

Mwalimu anataka kila kilichopo kiwanjani kionekane, kwa hiyo nilipima na kibanja pia, shamba linaloizunguka nyumba. Mibuni. Shimo la taka. Handaki letu la wakati wa vita, ambalo sasa limejaa majani na viazi vikuu vilivyojiotea. Nilikuwa na miaka kumi tulipojificha humo, na Deo, aliyekuwa kijana tayari, aliniziba masikio kwa viganja vyake kila ndege zilipopita. Sikusikia mabomu. Nilisikia damu ikipiga mikononi mwake. Nikapima pia makaburi: la babu, la baba, la wifi. Pembeni ya wifi pana nafasi. Sikutaka kuiangalia, lakini karatasi haijui kutotaka, nikajikuta nimeiacha wazi, sawasawa na ukubwa wa yale mengine.

Ma Paskazia, jirani yetu, alipita akienda kisimani. Nilikuwa nimepiga magoti, futi imenyooka kutoka msongeni hadi kaburi la wifi. Nikamsalimu. Akaitika bila kusimama, na Ma Paskazia si mtu wa kupita bila kusimama, hasa pakiwa na la kuuliza. Nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza maishani hakunichelewesha. Mjinga mimi.

Leo asubuhi nimejua alikuwa anakimbilia wapi.

Nilikuwa uani nachonga penseli niliposikia kilio kwenye lango la kibanja. Kilio kile kile tulichokizoea miaka hii, kinachoanzia chini na kupanda, kisha cha pili kinadakia. Mama alitoka jikoni, mikono ina unga. Nikaona wanawake wanakuja kati ya migomba, kanga zimefungwa viunoni, Ma Paskazia mbele na mkungu wa ndizi kichwani, mwingine na mzigo wa kuni. Nyuma yao wazee wawili na jamvi limekunjwa. Walikuwa wamekuja msibani.

Nilidhani wao wanajua na sisi hatujui. Nilidhani Deo amekufa alfajiri nasi tunakunywa chai, na habari imepita juu ya vichwa vyetu ikawafikia majirani kwanza. Mama aligeuka kutazama msonge na sikuweza kumtazama usoni.

Mlango wa msonge ukasogezwa. Deo akatoka, ameinama chini ya kile kipaa, blanketi begani, mkono mmoja umeshika nguzo.

Kilio kilikatika ghafla. Mwanamke mmoja alirudi kinyumenyume hadi akaanguka kwenye mbuni. Ma Paskazia aliutua mkungu na kukaa juu yake.

"Karibuni," Deo alisema, kwa sauti yake hii mpya iliyokauka. "Nani amekufa?"

Nilisikia kuku wakichakura. Mwishowe Ma Paskazia akasema, huku akitazama miguu yake, "Waitu, mwanetu Deo, nisamehe. Jana nilimwona Koku anapima."

Wote wakanigeukia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka hii, kwenye nyumba yenye mgonjwa, futi kamba huletwa kwa kazi mbili: seremala anapima jeneza, au ukoo unagawana kibanja. Mtoto yeyote wa hapa anajua. Mama alijua, ndiyo maana hakutaka kunishikia. Mimi, mtaalamu wa kesho, nilipitisha futi kutoka mlangoni kwa kaka yangu hadi kaburini kwa mkewe mchana kweupe, nikasalimia na wapita njia.

"Ulikuwa unapima nini?" Deo aliniuliza.

Sijawahi kuogopa swali namna ile. Kama angeamini alichoamini Ma Paskazia, kwamba dada yake mwenyewe amekuja kumchukulia kipimo akiwa hai, nadhani angerudi kitandani na asingetoka tena. Nilimwona akiyumba kidogo. Nikaingia ndani kwa mama, nikatoa karatasi yangu kubwa, nikampelekea.

Alikaa kizingitini akaitazama. Nikamweleza habari za mwalimu, nyasi, rweya, nyumba nitakayobuni mwakani. Nilizungumza haraka mno. Alifuata mistari kwa kidole: mibuni, handaki, babu, baba, wifi. Kidole kikafika kwenye ile nafasi kikasimama. Nikaacha kuzungumza.

Kisha kidole kikarudi kwenye msonge. Nilikuwa nimechora duara la nje, na katikati hapakuwa na kitu.

"Ndani mbona peupe?"

"Sijaingia kupima."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema sikutaka kumsumbua. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni. "Naogopa, Deo," nikasema, mbele ya mama na mbele ya watu wote wale na kuni zao.

"Hata mimi," akasema. "Lete hiyo futi."

Tukapima. Yeye alikaa kitandani, kisha kwenye kigoda, kisha tena kitandani, akashika ncha na mimi nikaenda na futi hadi nguzo, hadi mafiga, hadi ukutani ambako mbuzi wa babu walikuwa wanalala. Nyasi zilizotandikwa chini zilikuwa mpya. Mama huzibadilisha kwa ajili yake. Alikohoa sana. Moshi ndio unaozilinda nyasi za paa zisiliwe na wadudu, na moshi huo huo ndio unaomkohoza. Nimeandika hilo pembezoni mwa karatasi kwa herufi kubwa. Nyumba yangu ya mwakani itabidi ijue kulifukiza paa moshi bila kuupitisha kifuani mwa mtu. Sijui kwa namna gani. Ni mara ya kwanza tangu nianze chuo kuwa na swali ambalo nalitaka jibu lake kweli, wala si kwa ajili ya alama.

Nikamwonyesha mchoro mwingine pembeni mwa karatasi hiyo, niliouchora kwa kukisia, ule wa nyumba iliyokatwa kama nusu ya boga ili uone ndani. Mlangoni nilikuwa nimechora mtu. Tunafundishwa kuweka mtu kwenye mchoro ili anayetazama ajue nyumba ni kubwa kiasi gani. Wangu hana sura, ana kichwa cha mviringo na mikono miwili.

"Huyu nani?"

"Mtu yeyote tu."

"Niweke mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliliacha blanketi kitandani, akajivuta hadi kwenye nguzo ya karibu na mlango, akaegemeza mgongo, visigino vikagusa nguzo, akanyoosha shingo kama tulivyokuwa tunapimana utotoni. Mbavu zake zilionekana kupitia shati. Nje, wanawake walikuwa wakitusikiliza.

"Wengine wamepimwa wamelala," alisema. "Wewe nipime nimesimama."

Nilikanyaga mwisho wa futi kwa kidole cha mguu, nikaipandisha pembeni ya goti lake, nyonga yake, bega lake. Ilinibidi nimguse. Paji lake lilikuwa la moto. Nilisoma kipimo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza machozi hayakuniacha nione. Sitakiandika hapa, kipo kwenye mchoro.

Nilipoizungusha futi irudi kwenye kasha lake, ncha ilikuwa na unyevu wa kiganja chake. Nilisita. Niliona kwamba ameniona nikisita. Nikaizungusha hadi mwisho.

Ma Paskazia hakuondoka na ndizi zake. Deo alimwambia zikirudi nyumbani atakasirika, maana ameliliwa bure na hajala. Basi akaziivisha jikoni kwa mama, na wazee wakalitandika jamvi lao uani, wakala pale pale walipotarajia kuomboleza. Mzee mmoja alimuuliza Deo bei ya sangara, naye akamjibu kwa kirefu. Alikula vipande viwili tu, lakini alivila mbele yao.

Sasa amelala na nyumba imetulia. Kikombe changu bado kiko peke yake rafuni. Nilikitazama jioni na sikukirudisha pamoja na vingine. Sitajifanya kwamba siku moja imenitibu.

Kesho tunapima paa. Amesema atashika ncha ya chini. Akiamka hana nguvu, nitaifungia kwenye kijiti na kumsomea vipimo kupitia mlangoni, anikumbushe nikisahau.

Na kama siku moja nitakuwa peke yangu na kijiti?

Nimekaa na mchoro magotini. Ile nafasi pembeni ya wifi bado ipo, sikuifuta, kwa sababu ipo. Na mlangoni mwa msonge, juu ya kile kizingiti, nimeweka mtu mwenye shingo ndefu na mabega ya Deo. Amesimama, na ukubwa wa kila kitu kingine kwenye karatasi unajulikana kwa urefu wake.