Barua Iliyofichwa Chini ya Mukeka

Mjukuu wangu Zaina,

Nakusalimu toka Kindu. Tuko wazima, shangazi yako amejifungua mutoto mwanamke.

Unasema watu wa kodi wameikagua fomu yako, wakakutumia barua, nawe unaogopa kuifungua. Wakati wa Zaire, babu yako naye alipata ya namna hiyo. Kuona muhuri tu, akaificha chini ya mukeka, akaanza kufunga mizigo akimbilie Punia kwa ndugu yake.

Mimi njo niliifungua, maana nilisoma Kifaransa kidogo. Walikuwa wanauliza jambo moja: ukurasa wa tatu wa fomu yake unasema nini? Babu yako alikuwa ameujaza Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, vile baba yake alimufundisha kuandika hesabu ya duka.

Tukaenda wote wawili kwenye biro, ofisi yao ya kodi. Bwana wa biro akamusogezea kiti, akamuita sitwayeni, yaani mwananchi, vile watu waliitana wakati ule.

"Sitwayeni, hii inaanzia upande gani?"

Babu yako akamuonyesha kwa kidole, kutoka kuume kwenda kushoto, mustari kwa mustari. Walipomaliza, yule bwana akatoa karatasi tupu.

"Na jina langu, unaliandika namna gani?"

Kumbe huyo njo muntu tuliyetaka kumukimbia.

Sasa yako inauliza nini? Fungua, uniandikie.

Bibi yako, mwenye hamu ya kujua