Kebaya ya Buluu ya Zawadi

Jumatatu, 6 Oktoba
Zamu ya asubuhi, kituo cha wazee cha Lidcombe. Nimeogesha wazee sita, mmoja kanitemea chai. Saa nane nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Simu ya Zawadi. Anataka nimshonee kebaya, ile blauzi ya kufungwa mbele kwa vipini, ya kuvaa kwenye tamasha la Waperanakan. Na makubadhi yangu ya shanga nimwazime, ayaweke mezani kwake huko. Bila haya hata kidogo. Nimesema sawa. Sauti yangu ilikuwa tamu mpaka mwenyewe nikajishangaa.

Jumanne, 7 Oktoba
Niyaandike yote, hasira isije ikapoa. Bibi Lian wa pale kituoni ndiye aliyenifundisha kushona makubadhi ya shanga. Mperanakan wa Malaka. Wazee wake Wachina waliolowea, wakaoa huko, wakapikia nazi na pilipili, wakawa watu wapya wenye mavazi yao. Nilimwambia kwetu Tanga habari hizo tunazielewa. Alicheka sana. Mwaka jana tulimzika.

Jozi yangu ilinichukua miezi minane. Shanga ndogo kama mbegu za mchicha, ndege wawili na maua. Zawadi, rafiki yangu wa kwaya, Mkongo wa Uvira, aliipiga picha sebuleni kwangu. Akaipeleka kwa waandaaji wa tamasha kwa jina lake. Sasa amepewa meza ya kuonyesha ufundi. Yule hawezi kutunga shanga kumi bila kujichoma. Namchukia. Basi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepata. Nilikuwa natandika kitanda cha mzee mmoja, wazo likaja lenyewe.

Rangi. Bibi Lian alinichapa kidole kwa ajili ya rangi. Waridi na nyekundu ni za harusi na sherehe. Nyeusi, nyeupe na buluu ni za msiba. Hata vipini vitatu vya kufungia kebaya kifuani: dhahabu siku ya furaha, lulu siku ya kulia. Zawadi hayajui haya, hakukaa na bibi hata dakika moja. Na buluu anaipenda.

Atasimama mbele ya wajuzi wenyewe amevaa matanga. Watamuuliza kafiwa na nani. Atababaika. Fundi asiyejua maana ya nguo iliyo mwilini mwake. Mimi nitakuwa kiti cha mbele.

Jumapili, 12 Oktoba
Kanisani Zawadi hakuimba. Alikaa nyuma, akaondoka kabla ya matangazo. Dhamiri inamsuta. Imsute vizuri.

Jioni alikuja kupimwa. Kiuno kimepungua inchi mbili. Nikafurahi.

Jumatano, 15 Oktoba
Buluu ya bahari kuu. Sarong ya kufunga kiunoni, nyeusi yenye maua meupe, nimeipata Fairfield. Vipini vya lulu bandia. Nimetarizi kingo kwa mkono, maana sitaki mtu aseme imeshonwa ovyo. Kisasi nacho kinataka ufundi.

Jumamosi, 18 Oktoba
Amekuja kuijaribu. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, anapapasa zile lulu. "Iko bien sana, dada." Akaikunja, akaaga. Si kawaida yake, mdomo wake huwa redio.

Binti yangu akapita. "It's kinda sad, Mum." Eti inatia huzuni. Nikamtuma akaoshe vyombo.

Ijumaa, 24 Oktoba
Kesho. Nimepiga pasi kebaya yangu ya waridi. Nimejizoeza uso wa kushangaa mbele ya kioo.

Jumamosi, 25 Oktoba
Niandike haraka.

Ukumbi umejaa. Mabibi waliovaa kebaya, keki za nazi za kila rangi, watu wanapiga picha. Zawadi mezani, buluu na nyeusi, makubadhi yangu mbele yake. Nikakaa nilipopanga.

Bibi mmoja akaja. Hakutazama makubadhi. Alitazama lulu, kisha sarong, akamshika Zawadi mkono. "Who have you lost, dear?"

Kafiwa na nani: swali lenyewe. Nikasogea nisikose neno.

"My mother," Zawadi akasema.

Mama yake. Wiki tatu sasa, kafia Uvira. Hakuweza kwenda kumzika. Hakumwambia mtu, maana kwaya nzima tungejaa nyumbani kwake na meza hii ingempita, naye alitumaini wateja wa meza wangemtoa ghalani anakobeba maboksi. Aliyasema yote hayo akilia, Kiingereza kikamwishia katikati. Wale mabibi wakamkalisha, wakamletea chai. Mmoja akamsifu kwamba kavaa sawasawa, mpaka vipini. Nani kamfundisha?

Zawadi akaninyooshea kidole. Akawaambia nguo ni kazi yangu. Makubadhi pia ni yangu, yeye alidanganya, na anaomba radhi. Watu wote wakanigeukia. Ule uso niliojizoeza haukuja.

Kisha akanifuata kitini. "Sikuambia mutu, dada. Lakini weye uliona. Ukanishonea ya msiba. Merci sana."

Nikamkumbatia. Ningefanya nini. Mabibi walitutazama kwa upendo.

Jumapili, 26 Oktoba
Waandaaji wamepiga simu. Mwakani meza ni yangu, kwa jina langu. Nilichokitaka chote nimepata.

Nimeshindwa kula. Nilifurahia zile inchi mbili za kiuno chake.

Jumanne, 28 Oktoba
Nilimpigia nimweleze ukweli wa ile buluu. Akapokea akiwa anasali na watu. Nikasema nauliza tu kama mchele wa matanga upo.

Jumapili, 2 Novemba
Matanga kwa Zawadi, Merrylands. Nimepika pilau sufuria kubwa. Wanakwaya wote walikuja, wakaimba kwa zamu. Yeye kavaa ileile kebaya, anaieleza kwa kila anayeingia: lulu ni machozi, dada alijua. Nilikuwa jikoni nasikia. Nikaendelea kuosha sahani.

Mdogo wake wa kike amekuja kutoka Adelaide. Naye ameomba ya namna hiyo. Nimempima kifua, mabega, kiuno. Nimerudi nyumbani, nimetandaza kitambaa mezani. Buluu imebaki ya kutosha. Nimekata mikono ya kebaya kwanza.