Maji Hayakosekani

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima, ila cherehani yangu imeanza kukohoa, na shangazi amegombana tena na meno yake ya bandia.

Jana nilikuwa Mahakama ya Rufani. Usishtuke. Mwoka mikate wa mtaani kwetu anadai nilimdanganya nilipomuuzia shamba alilotuachia baba. Mahakama ya chini nilishinda, naye akakata rufaa. Sote wawili hatukuwa na wakili.

Jaji mmoja, mama wa miwani minene, akaniuliza, "Ulimwambia mnunuzi kwamba pale maji hayakosekani?"

"Nilimwambia, mheshimiwa. Na hayajakosekana."

Mwoka mikate, aliyehamia pale shambani na tanuri lake, akaruka. "Yamefika kwenye godoro! Vyura wanalia ndani ya tanuri langu!"

Majaji wote watatu wakainama kana kwamba wameangusha kalamu. Yule mama alipoinuka, akaniuliza kama nilijua shamba hufurika kila masika. Nilifungua kinywa kukana, nikamwona mke wa mwoka mikate, mjamzito, amevaa mabuti ya mpira yenye matope.

"Nilijua," nikasema. "Mimi na mdogo wangu tulijifunzia kuogelea palepale."

Mauzo yamebatilishwa. Shamba ni letu tena, mimi na wewe.

Najua sasa unauliza tuliliuza lini. Niliuza peke yangu, ndugu yangu, na miaka miwili nimeogopa kukuandikia. Nigombeze, lakini nijibu.

Dada yako mwenye aibu,
Fundi cherehani