Somoe na Ekzosi ya Ndege

Nachingwea, kwa Somoe

Mdogo wangu Asha,

Pokea salamu kabla hujauliza nani kafa. Hajafa mtu. Miye mzima, magoti tu yamenisusa. Wewe kifua kimepoa? Na mihogo ya hapo Nandagala, nguruwe wamekuachia japo kidogo? Mvua imekata barabara, ndiyo maana nimekaa huku mpaka mmeanza kunisahau.

Anayeniandikia ni mjukuu wetu Somoe, na habari ni yake mwenyewe, kwa hiyo anaandika huku kanuna. Andika, mke mwenzangu, usipunguze neno!

Unajua anachomelea vyuma hapa mjini. Basi yuko Mzee Kaspari, fundi wa ndege mstaafu, anaunda ndege yake nyuma ya nyumba. Usicheke. Nimeiona, ina mabawa. Injini kaitoa kwenye gari la Kijapani, ile isiyo na pistoni za kupanda na kushuka. Ndani kuna kitu cha pembe tatu kinazunguka. Akampa Somoe kazi ya ekzosi, bomba la kutolea moshi. Akamwonya, "Binti, injini hii inatema moto kuliko ya lori. Chagua chuma vizuri."

Sasa Nachingwea ukisema chuma kizuri, kila mtu anakuonyesha mabomba waliyoacha Wazungu wa ule mradi wa karanga, zama za mkoloni. Kikaango changu cha korosho ni bomba hilohilo, kinakula moto msimu kwa msimu. Somoe akachukua bomba kama hilo, akalichomelea, likapendeza. Ndege ikafungwa kamba kwenye mkorosho, injini ikanguruma, bomba likawa jekundu kama kaa. Ilipozimwa Mzee Kaspari akashangilia, "Limeshika!" Watu makofi.

Lilipopoa Somoe akalipapasa. Likambandukia magamba mkononi, kama ya samaki. Angeweza kunyamaza, Asha! Akachukua msumeno, akalikata mbele ya watu wote.

"Babu," akasema, "korosho haziruki. Hili likitoboka huko juu, moto utakula mabawa nawe umo ndani. Nimekosea chuma."

Vijana wa gereji wakamzomea: "Kashindwa huyo! Rudi ukapepete mpunga!"

Nikawajibu miye: "Mama zenu waliwapepeta, wakasahau kutupa makapi."

Somoe na mzee wakatafuta chuma kingine. Aluminiamu ya masufuria ingeyeyuka. Mwisho wakapata stenlesi, chuma kisichoshika kutu: mtungi chakavu wa kuchemshia vyombo vya hospitali. Nayo ina kiburi chake: ikipata joto inatanuka, ukiibana inapasuka. Somoe akaacha kiungo kimoja kinachoteleza, bomba ndani ya bomba, lipate pa kupumulia.

Siku ya kuruka, Mzee Kaspari kakaa ndani ya ndege, wala haiangalii injini. Anamwangalia mjukuu wetu. "Fundi, niruke?"

Wazomeaji wakasogea karibu. Somoe akainama, akashika kiungo kimoja kimoja, akasimama. "Ruka, babu."

Ikaruka, Asha! Ikauzunguka mji, ikashuka. Watu wakamkimbilia mzee wambebe. Somoe akalikimbilia bomba. Zima, halina ufa. Miye nikamkimbilia Somoe.

Nisalimie kaka yetu, mwambie aoge vizuri, naja kumtambia. Msalimie mama yake Somoe, aache kulia kwamba mikono ya mwanawe imejaa makovu. Mikono hiyo imemrudisha mtu chini salama.

Dada yako, ambaye siku hizi anatembea kwa maringo,
Fatu