Jibu kwa Ndugu Aliyenifanyia Matanga

Kaptembwo, Nakuru
6 Julai 2025

Kwa ndugu yangu Jonah,

Pokea salamu, maana tulilelewa kusalimu hata mtu tusiyetaka kumwona. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Kuresoi haijawaletea kikohozi. Sisi huku tu wazima. Mguu wa kushoto bado nauburuta, na kelele zikizidi kichwa kinaniuma, lakini daktari anasema nitapona. Mama, aliyekuja kutibiwa macho, sasa anaona vizuri.

Barua yako imefika. Umeandika kwamba ulilia sana uliposikia kambi yetu kule Somalia imevamiwa, kwamba hukupata habari yangu yoyote, na kwamba yote uliyoyafanya uliyafanya kwa uchungu. Unataka nije tuchinje mbuzi, tusameheane, watu waone. Kabla sijakujibu kuhusu mbuzi, ngoja nikueleze yaliyonipata, kwa sababu katika kurasa zote zile hukuniuliza.

Walitujia alfajiri. Gari la mabomu lilipasua lango, kisha wakaingia wakipiga risasi. Nilitambaa hadi vichakani na Obura, kijana wa Ahero tuliyekuwa tukilala naye hema moja. Alikuwa amepigwa tumboni. Aliniambia nisimwache, na sikumwacha, mpaka akafa mchana kwenye jua kali akiniomba maji ambayo sikuwa nayo. Wenzetu wa kikosi kingine, ambao hawakunijua, waliponiokota nilikuwa na kipande cha chuma kichwani na jina langu mwenyewe silijui. Akili ilinirudia hospitalini, Nairobi.

Na wewe ulikuwa unafanya nini? Mke wangu Jepleting amenieleza. Uliita kanisa lote nyumbani, ukaweka mezani picha yangu ya kofia ya jeshi, ukanifanyia matanga bila mwili. Jeshi halikuwa limesema nimekufa, lilisema ninatafutwa. Watu hawajamaliza hata kurudisha viti vya kanisa, ukang'oa fensi ya shamba langu na kupanda viazi mpaka mlangoni kwangu. Jepleting ulimwambia kwamba amezaa msichana tu, kwa hivyo hana chake hapo, arudi kwao Molo. Alitoka mvua ikinyesha, mtoto mgongoni, na hukumpa hata mtu wa kumbebea mzigo.

Hayo yote ningeyameza. Ningesema ni huzuni, au tamaa, au watu walikupotosha. Lakini kuna jambo unalodhani silikumbuki kwa sababu ya hiki kichwa.

Sista mmoja wa wadi alinipa simu yake nipige nyumbani. Namba ya Jepleting ilikuwa imenitoka. Iliyobaki akilini ni yako peke yake. Uliposhika nikasema, “Jonah, ni mimi, Kipyegon. Niko hai.” Nikasikia mvua kwenye mabati. Nikamsikia mama nyuma yako akiuliza ni nani. Ukamwambia, “Ni mtu amekosea namba,” ukakata. Nilipopiga tena, simu haikuingia. Kesho yake nilipasuliwa kichwa, na kwa muda mrefu sikuweza kuongea. Jumamosi iliyofuata ndiyo ulikusanya watu wanililie. Kama si jeshi kumtafuta Jepleting mpaka kwa wazazi wake, mpaka leo ningekuwa maiti yako.

Nilikuwa nimeapa kutomwambia mama. Lakini jana aliniomba nimsomee barua yako huku akimenya viazi. Nilipofika pale ulipoandika kwamba hukupata habari yangu yoyote, nikaishusha karatasi. Mama akasema, “Soma basi.” Sikuweza kusoma uongo ule mbele yake. Nikamwambia kwamba nilipiga simu, ukaishika, na yeye mwenyewe nilimsikia akiuliza ni nani. Kabla sijafika mwisho akaweka kisu chini, akasema polepole, “Mtu amekosea namba.”

Anaikumbuka, Jonah. Anakumbuka ulivyotoka nje baadaye ukasimama kwenye mvua, na alivyokuita uingie usije ukaugua. Hakulia. Alichukua kisu, akamaliza kumenya, akapika, tukala.

Leo asubuhi amesema harudi Kuresoi. Hajasema ni mpaka lini, na mimi sikumuuliza. Kaka yake Jepleting atapita kuchukua ng'ombe wa mama na nguo zake. Mpe bila maneno.

Kwa hivyo mbuzi wako mwache ale nyasi. Viazi vyako ving'oe mwezi huu, kwa maana mwezi ujao naingiza trekta, viwe vimekomaa au havijakomaa. Nitakuja na chifu kurudisha fensi mahali baba alipoiweka. Siku hiyo usinipe mkono.

Wasalimie watoto wako, hao hawana kosa. Jepleting hana salamu zako. Nimemuuliza mama kama niandike zake, ameniambia nifunge bahasha.

Ni mimi,
Kipyegon