Hukuuliza Maji Yalitoka Wapi

Shikamoo Baba,

Najua marahaba haitakuja, lakini ulitulea hivyo, kwamba mtoto asiyeamkia asifungue mdomo. Basi nimekuamkia. Sasa naomba unisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo ulipokuwa hai lilikushinda.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Sumbawanga mjini, na miguuni pangu kuna dumu la maji. Kesho asubuhi nitalipandisha kwenye gari la kwenda kijijini nimpelekee Mama. Ndiyo, Baba. Mwanao wa mjini anapeleka maji kijijini. Unakumbuka wageni waliokuwa wakitoka mjini kuja kwetu, unawapa kikombe cha maji ya chemchemi, wanashika shavu kwa ubaridi, nawe unacheka mpaka unakohoa? Nakumbuka sana kicheko kile.

Nina habari moja, na sitaizungusha. Tumeikata miti yako. Yote. Hata ile iliyokuwa inakuwekea kivuli.

Usikasirike kwanza. Au kasirika, hata mimi nimekasirika.

Nilikuwa bado shule ya msingi walipokuja wale wageni wa mradi na gari lao jeupe, na miche ya mikaratusi imepangwa nyuma ndani ya vifuko vyeusi. Wewe ulikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Ulivaa koti lako la kaki, lile la mifuko mingi, na siku hiyo ulitembea kwa namna ambayo Mama alijifunika khanga mdomoni asicheke. Mkasema pale chemchemi ni pachafu, pana nyoka. Mkafyeka matete, mkaangusha mikuyu ya zamani, mkang'oa hata ile minyaa tuliyokuwa tunaning'inizia nguo. Kisha ukafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na sisi watoto wa shule tukachimba mashimo kuifuata. Ulikuwa unapita nyuma yetu ukisema, "Nyoosha, Skola. Nyoosha." Wageni walipenda mistari. Walipiga picha mistari kuliko walivyotupiga sisi.

Na ile miche tuliimwagilia kwa maji ya chemchemi ileile. Tulipanga foleni na makopo. Kila nikifikiria foleni ile nasikia kucheka, na si kicheko kizuri.

Sitaki kukusingizia. Huku kwetu Ufipa ni nyasi tupu na upepo. Mama alikuwa anapikia mabua ya mahindi, na yakiisha anapikia samadi kavu, macho mekundu mwaka mzima. Ulitaka apate kuni. Hilo ulimwambia mbele yetu, na najua ulikuwa mkweli. Akazipata. Miti ilikua haraka kuliko sisi watoto. Ikatoa nguzo, ikachoma matofali, ikatuwekea bati juu ya kichwa mahali palipokuwa na nyasi zinazovuja. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na miti ile, na kama nisingesoma nisingeweza kukuandikia maneno haya ya kukulalamikia. Kijiji kizima kikaiga. Halmashauri ikasimamisha kibao chenye jina lako pale njiani, na kila ukipita ulikuwa unakifuta vumbi kwa mkono wa koti ukidhani hatukuoni.

Kilichoanza kupotea ni nyasi, na waliogundua ni wanawake, kwa sababu nyasi ni kazi yao. Chini ya mikaratusi hakuoti kitu. Unajua Mama na ntumba zake, yale matuta ya mviringo anayofukia nyasi mwisho wa mvua ili zioze, apande maharage juu, na mwaka unaofuata ayatawanye apande ulezi. Hiyo ndiyo mbolea aliyoachiwa na mama yake. Nyasi zilipokosekana akafanya ambacho wanawake wote wa kwetu walifanya: akazoa majani ya mikaratusi, akayafukia. Alipokuja kufumua matuta, majani yalikuwa vilevile alivyoyazika, makavu, yananukia. Maharage ya mwaka ule yalikuwa ya njano kama yanaumwa. Alisema labda mvua. Hakuthubutu kusema labda miti, kwa sababu miti ilikuwa mume wake.

Halafu likaja tangi, chini kidogo ya chemchemi. Hilo ulilishuhudia, ulikaa kiti cha mbele siku ya uzinduzi. Mabomba yalitandazwa kutoka chemchemi hadi karibu na shule, mgeni rasmi akafungua koki, maji yakaruka, watu wakapiga vigelegele. Kwa muda kidogo tulikuwa watu wa maendeleo. Kisha koki zikaanza kutema hewa. Unafungua, inapumua kama mgonjwa, unafunga. Fundi wa mradi akapanda juu kuangalia mabomba, akakuta mabomba ni mazima kabisa. Kilichoharibika ni chemchemi.

Nawe ukaanza kuumwa kifua.

Hapa ndipo ninaposhindwa, Baba. Nimeshaandika ukurasa huu na kuuchana.

Mama alikuwa anakufukiza kwa majani ya mikaratusi. Anachemsha sufuria, anakuketisha kwenye kigoda, anakufunika blanketi zito, na unatoka humo jasho limekujaa usoni, umefurahi kama mtoto. Ulikuwa unatuambia, "Mnaona? Miti yangu ni dawa." Kila siku ulisema hivyo. Na kila siku Mama alikuwa ametoka alfajiri kushuka bondeni kuleta maji ya sufuria ile, njia ya kuelekea Muze, kule ambako watu wa kwetu walikuwa wakichunga mbuzi tu. Anarudi na ndoo kichwani, ngata imelowa, anakutilia dawa, anakuuliza umelalaje. Ulikuwa unamwona anaondoka. Ulikuwa unamwona anarudi. Hukuuliza maji yalitoka wapi.

Hata mara moja, Baba. Ungeuliza tu. Angekujibu kwa upole, ungejua, labda wewe mwenyewe ungechukua shoka. Ungekufa umeuliza.

Ulipofariki tukakuzika ulipotaka, juu kidogo ya chemchemi, ndani ya mistari yako. Ulikuwa umesema, "Nizikeni kwenye miti yangu." Tulikuzika huku majani yanavuma, na mimi nililia sana, na kwa siku ile niliipenda miti ile kama wewe.

Msimu uliofuata Mama aliteleza kwenye ule mteremko wa bondeni. Alivunjika mkono. Nilipofika hospitali alinisimulia habari za ndoo kabla ya habari za mkono: ilivyomponyoka, ilivyobiringika, maji yalivyomwagika yote wakati alikuwa amebakiza kipande kidogo tu kufika juu. Alikaa kando ya njia akiwa ameushika mkono, akingoja mtu apite, na alichokuwa anawaza ni kwamba hana maji ya jioni. Kwa umri wake. Mke wa mwenyekiti wa mazingira.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa kijiji. Wanawake walikuja na ndoo tupu, wakazigeuza wakakalia. Sikumbuki kuona mkutano wa kwetu una wanawake wengi namna ile. Walitaka miti ya chemchemi ikatwe, kwamba ndiyo inayoyanywa maji. Mwenyekiti wa kijiji akajikuna, akasema kule kuna kaburi la mtu aliyeheshimika, kijiji hakiwezi kupeleka mashoka hadi familia iseme. Watu wote wakamgeukia Kaka Gaudensi. Naye akasimama na kusema ulituachia wosia kwamba miti isiguswe. Wosia gani, Baba? Uliomba kuzikwa humo tu, yeye akalifanya kaburi uzio. Alikuwa tayari ameshapatana na mnunuzi wa nguzo, anangoja zinenepe. Wanaume wakaguna kumuunga mkono. Wao hawachoti.

Mimi nilikuwa najiandaa kusema maneno makali, unanijua. Mama akanitangulia. Hajawahi kusimama mkutanoni maisha yake yote, na siku ile alisimama mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitenge. Alisema kwa Kifipa, nami nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichotufundisha kuandikia.

"Mzee yuko chini. Hayumo kwenye miti. Kateni."

Akarudi kukaa juu ya ndoo yake. Kaka akaketi. Nani atabishana na mjane kuhusu mume wake?

Usidhani tulikata kesho yake. Ikabidi tuombe kibali. Wakati wa kupanda tuliletewa ngoma na soda, wakati wa kukata tukaambiwa msitu ni mali ya taifa, rudini wiki ijayo, afisa yuko safarini. Nilipanda na kushuka ngazi za ofisi mpaka mlinzi akawa ananiamkia kwa jina. Mama wakati huo wote ananunua maji kwa vijana wa baiskeli, akikosa ananipigia simu kuniuliza habari za watoto, na mimi namwelewa.

Siku ya chensoo nilikuwepo. Mti wa kwanza ulipoanguka harufu ikajaa kila mahali. Ile harufu, Baba. Ya blanketi, ya sufuria, ya wewe ukitoka humo umelowa unacheka. Nilikimbilia nyuma ya tangi nikashika ukuta. Wanawake walidhani natapika. Nilikuwa nakuita, na sikujali nani anasikia.

Kaka alileta fuso, akabeba magogo, hakunisalimia na mpaka leo hanisalimii. Labda mti wako mmoja sasa umesimama mahali fulani umebeba waya wa umeme. Hilo lingekufurahisha, nalo linanichoma, kwa sababu kijijini kwetu umeme umefika. Tangi lile kavu lina taa juu yake inayowaka usiku kucha.

Chemchemi haijarudi. Nisikudanganye: mkono ulipopona, Mama alirudi kushuka bondeni. Pana unyevunyevu kidogo baada ya mvua, nyuki wanatua, basi. Yule fundi wa mradi alikuja akatazama, akasema si miti peke yake: huko juu mlimani watu wamelima mpaka kileleni, ng'ombe wanakanyaga, na kilichobaki kinachomwa mkaa unaoletwa huku mjini. Ninaoupikia mimi. Kwa hiyo hata lawama siwezi kukubebesha yote, na hilo nalo linaniudhi, maana ningependa niwe na mtu mmoja wa kumkasirikia, tena awe wewe, kwa kuwa wewe ndiye niliyekupenda.

Na miti yako ni mbishi kama mwenyewe. Mvua za kwanza tu, visiki vyote vikachipua. Machipukizi laini, ya rangi ya fedha, mazuri kweli. Nimekwenda na panga nikayaondoa. Yakachipua tena. Bwana misitu anasema ni kazi ya miaka, unakata na kukata mpaka mizizi ikate tamaa. Nimemwambia ninao muda.

Kaburi lako sasa liko juani. Lilionekana dogo sana siku ile, sikutegemea. Mama akaanza kulizungushia kokoto kwa mkono wake mmoja mzima, mimi nikamsaidia. Kisha tukapanda. Wajomba kutoka Mwimbi walituletea vipandikizi vya mikuyu, na wanawake wakaja na matete yenye matope kwenye mizizi. Mmoja akaniuliza kama nina kamba ya kupimia. Nikamwambia sina. Kila mmoja akapanda alipoona udongo una ubaridi, wengine huku, wengine kule, mmoja karibu kabisa na miguu yako. Vurugu tupu. Ungepita nyuma yetu ungeumwa kichwa.

Basi, Baba, lala. Nitakuwa nakuja kila msimu na panga langu kwa ajili ya visiki, na nitakung'olea magugu pia, hilo usiwe na wasiwasi. Mama nitamtunza, na kila nikimwona na ndoo nitamuuliza maji ametoa wapi, hata kama najua. Siku maji ya chemchemi yakirudi nitakuja mimi mwenyewe kukuambia, na nitakumwagia kikombe cha kwanza hapohapo ulipo, usikie ubaridi wake. Ukiona sijaja na kikombe, ujue bado anashuka bondeni.

Miche haijanyooka, Baba. Nimeiacha hivyo.

Mwanao,
Skola